Kuigeuza Andika kuwa fonti badilifu kwa mabango ya Eastlands, Nairobi

Fundi wa stika akipewa ukanda wa manjano wa matatu na jina la njia, kabla ya kufikiria rangi au kivuli hufikiria nafasi. UMOJA linakaa bila taabu. KARIOBANGI SOUTH halikai. Tangu kanuni za matatu za aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilipoanza kutumika Februari 2004, ukanda huo una mahali pake kwenye gari, na gari halirefuki kwa ajili ya jina. Basi fundi hulishika neno kwa kipanya na kulibana kutoka ubavuni hadi liingie.

Litazame neno hilo kwa karibu. Nguzo za wima za K, R, B na N zimekonda, kwa sababu kubana kwa ubavuni kunakula upana peke yake. Mistari ya mlalo haikuguswa, kwa hiyo sasa ni minene kuliko nguzo. O ni nene juu na chini, nyembamba pembeni. Herufi zimepoteza mizani yake, na jina ambalo abiria anapaswa kulisoma gari likiwa linakuja limeharibiwa kabla halijabandikwa.

Dawa yake ni fonti badilifu: faili moja ambamo uzito na upana wa herufi ni vitelezi, na kila unaposogeza kitelezi, unene wa nguzo unapangwa upya kama mchoraji alivyokusudia. Teknolojia hii ilitangazwa Warsaw mnamo Septemba 2016 kama sehemu ya OpenType toleo la 1.8, Adobe, Apple, Google na Microsoft zikiwa pamoja. Hapa nitakuonyesha namna ya kuitengeneza kutoka katika fonti huria iliyopo tayari, kwa kompyuta ya kawaida, ukiwa Buruburu au Kayole, bila kununua programu yoyote.

Kwa nini Andika

Fonti ninayokushauri uanze nayo ni Andika, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Herufi zake hazina madoido, a na g zake zina umbo lile ambalo watoto huandika daftarini, na herufi zinazochanganywa kwa urahisi zimetofautishwa kwa makusudi. Sifa hizo zinafaa bango la barabarani sawa na kitabu cha darasa la kwanza. Tena ina ĩ na ũ za Kikuyu, Kikamba na Kimeru, pamoja na ŋ, ɛ na ɔ za lugha nyingi za bara hili. Fonti nyingi nzuri za kupakua bure zimechorwa na watu ambao hawajawahi kuandika Mũkũrũ, na utaliona hilo siku utakapolihitaji jina hilo kwenye bango.

Andika ina sura nne: ya kawaida, nzito, ya mlazo, na nzito ya mlazo. Haina uzito wa katikati wala sura nyembamba. Uzito wa katikati utaupata kwa kuunganisha sura zilizopo. Sura nyembamba itabidi uichore.

Kabla hujaanza, jiulize kama unaihitaji. Ikiwa kazi zako zote ni za kawaida na nzito tu, mafaili mawili ya Andika yanakutosha, na huenda fonti badilifu isikuokolee hata bando. Faida yake huonekana pale unapotaka hatua nyingi za katikati, na hasa pale jina refu linapokutana na nafasi fupi.

Andika iko chini ya SIL Open Font License, toleo la 1.1. Leseni hii inakuruhusu kuitumia, kuichambua, kuibadilisha na kuisambaza, lakini fonti uliyoibadilisha haiwezi kuitwa Andika. Jina hilo limehifadhiwa, na jina SIL vilevile. Kuifanya badilifu ni kuibadilisha, hata kama hukugusa mkunjo wa herufi moja. Kwa hiyo chagua jina jipya kabla ya kufungua faili la kwanza, kwa sababu jina huingia ndani ya fonti mahali pengi na kulifukuza baadaye ni kazi ya kuchosha. Katika mwongozo huu tutaiita Maringo, tukiazima jina la mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo. Tamko la hakimiliki la wenye fonti ya mwanzo libaki ndani, ongeza lako chini yake. Faili la leseni lisafiri pamoja na fonti. Kazi yako nayo itoke chini ya leseni hiyohiyo, na usiiuze fonti ikiwa peke yake. Bango, stika, kitabu au nembo uliyoitengeneza kwa fonti hiyo ni mali yako, iuze upendavyo.

Vifaa

Pakua chanzo, si fonti iliyokwisha kupikwa. Chanzo cha Andika kiko GitHub, katika hazina za timu ya fonti ya SIL, kwa muundo wa UFO. UFO ni folda ambamo kila herufi ina faili lake dogo la maandishi, kwa hiyo unaweza kulisoma hata kwa Notepad, na Git inaweza kukuonyesha ni nukta gani iliyosogezwa jana. Umeme ukikatika ghafla, ulichokuwa hujakihifadhi ni herufi uliyokuwa unaigusa, na nyingine zote ziko salama.

Weka Python kwenye kompyuta, kisha andika pip install fontmake katika dirisha la amri. Fontmake, iliyotoka Google, ndiyo itakayopika fonti yako. Huja pamoja na fontTools, maktaba iliyoanzishwa na Mholanzi Just van Rossum, ambayo tutaitumia kukagua. Kwa kuchora, tumia Fontra. Nayo ni huria, inafungua UFO moja kwa moja, na inakuruhusu kusogeza kitelezi ukiwa unachora ili uone herufi ya katikati inavyokuwa. Kama umezoea FontForge unaweza kuchorea humo, lakini usiitegemee kutoa fonti badilifu. Glyphs ni nzuri sana, ila inauzwa na inafanya kazi kwenye Mac peke yake. Fanya upakuaji wote kwa mkupuo mmoja, saiba au popote penye Wi-Fi ya uhakika. Baada ya hapo kazi yote inaendelea bila intaneti.

Chagua pia utakachoacha. Andika ina maelfu ya maumbo, mengi yakiwa ya kuandikia matamshi na ya alfabeti ya Kisirili, na kila umbo utakalolibeba itabidi ulikague katika kila mchoro. Kwa mabango ya Eastlands chukua A hadi Z kubwa na ndogo, tarakimu, Ĩ ĩ Ũ ũ, irabu zenye alama za toni, Ŋ ŋ, alama za uandishi, na zile alama za bei tunazoziandika kila siku, yaani mkwaju na alama ya sawasawa kwa ajili ya 50/= na deshi kwa ajili ya 50/-. Kisomali cha Eastleigh hakihitaji herufi ya ziada. Kiarabu cha mabango ya msikiti kinahitaji fonti nyingine kabisa, kwa sababu Andika haina hati hiyo. Ukishafuta maumbo usiyoyataka, fungua faili la kanuni za OpenType lililo ndani ya UFO uondoe kila mstari unaoyataja, la sivyo fontmake itagoma. Njia rahisi zaidi ni kuliacha tupu kwa kuanzia. Fontmake itaandika yenyewe kanuni za nafasi kati ya jozi za herufi na za kukalisha alama juu ya herufi, ikizisoma kutoka katika michoro.

Nukta zikubaliane

Fonti badilifu hufanikiwa au kuharibika hapa, na hapa ndipo utakapotumia sehemu kubwa ya muda wako. Kompyuta haijui kwamba a ya kawaida na a nzito ni herufi moja. Inachojua ni namba: nukta ya kwanza ya mchoro huu iende kwenye nukta ya kwanza ya mchoro ule, ya pili kwenye ya pili, hadi mwisho. Ni kama wanafunzi waliopangwa mistari miwili uwanjani, kila mmoja akaambiwa atembee hadi kwa mwenzake wa namba ileile. Mmoja akizidi, au hesabu ikianzia kwa mtu mwingine, wote wanapishana vibaya.

Kwa hiyo katika kila herufi, mchoro wa kawaida na mchoro mzito viwe na mizingo, yaani mistari inayofunga umbo, sawa kwa idadi na kwa mpangilio. Kila mzingo uwe na nukta sawa kwa idadi na kwa aina, uanzie kwenye nukta ileile, na uzunguke upande uleule. Usidhani kwamba fonti iliyochorwa na wataalamu imekwisha kutimiza hayo. Mtu akichora sura mbili kila moja isimame peke yake, hana sababu ya kuhesabu nukta. Andika fonttools varLib.interpolatable Maringo-Regular.ufo Maringo-Bold.ufo, nayo itakuletea orodha ya herufi zenye kasoro na aina ya kasoro.

Shughulika kwanza na idadi ya mizingo, kisha mpangilio wake, kisha nukta ya kuanzia, kisha idadi ya nukta. Ukienda kinyume utarekebisha kitu kilekile mara mbili. Mpangilio wa mizingo ndio unaodanganya kuliko yote, kwa sababu kila mchoro peke yake unaonekana safi. Chukua 8. Ina mzingo wa nje na nyazi mbili za ndani. Ikiwa katika mchoro wa kawaida uwazi wa juu unatajwa kwanza na katika mchoro mzito unatajwa wa chini, basi kitelezi kikifika katikati nyazi hizo zitapishana ndani ya tumbo la herufi na 8 itageuka doa. B hufanya hivyo, na alama ya asilimia, yenye mizingo mitano, hufanya vibaya zaidi. Nukta ya kuanzia ikihitilafiana, herufi hujisokota. Kanuni ya kuzuia hilo ni rahisi: amua kwamba kila mzingo unaanzia kwenye nukta ya chini kabisa upande wa kushoto, na uifuate bila kubagua herufi.

Idadi ya nukta ikitofautiana, mara nyingi afadhali uongeze kwenye mchoro wenye chache kuliko kufuta kwenye mchoro wenye nyingi. Nukta ziwe kwenye ncha za mkunjo, juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa, kisha pale tu umbo linapozidai.

Wachoraji wa stika watapata shida kulikubali jambo linalofuata. Acha vipande vipandane. Katika t, nguzo na mkono wake vinaweza kuwa mizingo miwili inayokatana, na ni vizuri vibaki hivyo. Ukiviunganisha, nukta za makutano zitaangukia mahali tofauti katika kila uzito na makubaliano yatavunjika. Kuunganisha kutakuja mwishoni kabisa, tutakapoandaa mafaili ya plota, mashine ya kukatia stika.

Ukaguzi wa kompyuta ukinyamaza, wako ndio unaanza. Vuta kitelezi hadi 550, katikati ya 400, uzito wa kawaida, na 700, ule mzito, ukague herufi moja baada ya nyingine. Kuna kasoro isiyoonekana kwenye ncha zote mbili lakini hujitokeza katikati: mkunjo laini unapata kigongo. Husababishwa na mikono miwili inayoongoza mkunjo kwenye nukta moja laini kugeuka pembe kati ya mchoro mmoja na mwingine huku uwiano wa urefu wake ukibadilika pia. Ama pembe ya mikono ibaki ileile katika michoro yote miwili, ama uwiano wa urefu ubaki uleule. Ukitimiza moja kati ya hayo, kigongo kinaondoka. Kitafute kwenye s, g, 2, 5 na alama ya &.

Usijaribu kuuvuta uzito kupita 700 au chini ya 400. Kompyuta itakubali kukisia, na itakupa nguzo zinazoingiliana na nyazi zilizofungwa.

Kuchora upana

Uzito ukiwa tayari, una mhimili mmoja, yaani kitelezi kimoja, na michoro mama miwili, ule wa kawaida na ule mzito. Upana unahitaji miwili zaidi: ya kawaida iliyo nyembamba, na nzito iliyo nyembamba. Kuanza kuchora upya ni kujitesa bure. Nakili folda ya UFO ya kawaida, ipe jina jipya, kisha ipunguze herufi zote kwa ubavu hadi asilimia 75; fanya vivyo hivyo kwa ile nzito. Ndiyo, ni kulekule kubana tulikokulaumu mwanzoni, ila sasa ni hatua ya kwanza tu. Faida yake ni kwamba nukta hazikuongezeka wala kupungua, mizingo haikuhama, na makubaliano uliyoyatafuta kwa jasho yamebaki salama.

Sasa rudisha nguzo. Tuseme nguzo ya n ilikuwa na unene wa vipimo 160 katika mraba wa 2048. Kubana kumeifikisha 120. Irudishe hadi kama 145 kwa kusogeza nukta za upande wa ndani, kisha punguza kidogo unene wa mistari ya mlalo ili isiizidi nguzo. Katika sura nzito hutaweza kurudisha kiasi hicho. Nguzo ya 280 iliyoshuka hadi 210, ukiilazimisha irudi karibu na 280, itaziba uwazi wa ndani wa e na a. Simama karibu na 235 uangalie. Vipimo hivi ni vya kuonyesha njia. Vya kwako vipime kwenye michoro yenyewe, na unene ukishaamua uandike kwenye karatasi ili h, n, m na u zisitofautiane.

Zipe tarakimu muda wa pekee. Stika nyingi za madukani Eastlands zina namba ya till au ya paybill ya kulipia kwa simu, na mteja huisoma akiwa amesimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma ya kioo. Katika sura nzito iliyo nyembamba, 6, 8, 9 na 0 hukaribiana kufanana nyazi zake zinapofungwa, na 3 huanza kujifunga kuelekea 8. Pesa zikienda kwa till isiyo yake, kuzirudisha ni safari ndefu. Ni afadhali tarakimu zako nyembamba ziwe pana kidogo kuliko herufi zilizo karibu nazo, na fundi alaumu nafasi, kuliko zikaingia vizuri zikasomwa vibaya. Tarakimu zote kumi ziwe na upana mmoja ndani ya kila mchoro, ili orodha za bei zijipange wima.

Kiwimbi na ng'

Fonti iliyobanwa bila kufikiria lugha zetu huumia kwanza kwenye ĩ. Kiwimbi, ile alama ya ~ iliyo juu yake, ni kipana kuliko i inayokibeba. Katika upana wa kawaida hukaa sawa, lakini ukishafika asilimia 75 hugusa herufi ya jirani, hasa l au t, na kama jirani ni ĩ nyingine, viwimbi viwili hushikana vikawa mstari mmoja. Andika ĩĩ, neno ambalo Mkikuyu na Mkamba hulitamka kila anapokubali jambo, ulitazame katika pembe zote nne za fonti, yaani michoro mama yote minne. Likishikana, chora kiwimbi chembamba kwa ajili ya michoro miwili myembamba, kifupi ubavuni na chenye mwinuko zaidi. Usiiongezee i nafasi pembeni ili kuficha tatizo. Maneno yenye ĩ yataonekana yametawanyika.

Hakikisha ĩ imejengwa juu ya i isiyo na nukta, na kwamba nanga inayokalisha kiwimbi ina jina lilelile katika michoro yote minne. Nanga ikikosekana katika mmoja, kiwimbi kitabaki hewani au kitaanguka mguuni pa herufi.

Kisha herufi kubwa. Mabango mengi huandikwa kwa herufi kubwa, na Ĩ na Ũ ndizo ndefu kuliko zote. Vipimo vya urefu wa mstari ndani ya fonti vikiwekwa kwa kuangalia A na H, Windows itakata kichwa cha kiwimbi na MŨKŨRŨ itaonekana kama MUKURU. Weka vipimo vya juu vipite ncha ya kiwimbi cha Ũ nzito, na viwe sawasawa katika michoro yote minne.

Kwa ng', jaribu Mihang'o na Lang'ata. Alama ya juu inayofuatwa na o huacha pengo, na inayofuatwa na a hugusana nayo katika sura nzito. Watu huiandika kwa alama iliyonyooka kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kibodi, na simu huigeuza kuwa iliyopinda bila kuombwa. Kwa hiyo rekebisha nafasi za zote mbili, pamoja na ile alama ya tatu ambayo Unicode inaihesabu kuwa herufi, U+02BC. Kazi hii ni ndogo na ni watu wachache sana watakaokushukuru kwa ajili yake, lakini ndiyo itakayofanya fonti yako iwe ya hapa.

Kuipika

Faili la designspace ndilo ramani. Ni faili la maandishi linaloieleza fontmake mihimili iliyopo na mahali pa kila mchoro mama. Tangaza mhimili wenye alama wght, chini 400, juu 700, chaguo-msingi 400. Tangaza wa pili wenye alama wdth, chini 75, juu 100, chaguo-msingi 100. Kisha orodhesha michoro minne, kila mmoja na mahali pake: 400 na 100, 700 na 100, 400 na 75, 700 na 75. Mchoro ulio mahali pa chaguo-msingi lazima uwepo, kwa sababu ile mingine mitatu huhifadhiwa ndani ya fonti kama tofauti kutoka kwake. Alama za mihimili ziandike kwa herufi ndogo kama nilivyoziandika, maana ndizo ambazo programu huzitambua. Kundi la mihimili ya kawaida lina tano tu, na hizi ni mbili kati yake.

Chini yake tangaza sura zenye majina: kawaida, wastani, nusu nzito, nzito, na zile nyembamba zake. Fundi ambaye programu yake haina vitelezi atazikuta kwenye orodha ya fonti kwa majina hayo.

Andika fontmake -m Maringo.designspace -o variable. Kama nukta zinakubaliana, utaikuta fonti katika folda ya variable_ttf. Kama hazikubaliani, itakutajia herufi na itasimama. Liite faili Maringo[wdth,wght].ttf, kwa desturi ya Google Fonts ya kuonyesha mihimili kwenye jina. Kwa tovuti, libane liwe WOFF2. Vivinjari vikuu vyote vinazisoma fonti badilifu tangu 2018, vya simu vikiwemo.

Ijaribu kwa maneno ya hapa. Kariobangi, Komarock, Dandora, Donholm, Makongeni, Shauri Moyo, Mihang'o, Mũkũrũ. Chapisha kila jina katika pembe nne na katika 550 kwa 87, ubandike ukutani, urudi nyuma hadi upande wa pili wa chumba, kisha nje ya mlango. Kwa kuwa Andika ilikusudiwa wanaojifunza kusoma, ungependa kujua kama umeliharibu kusudi hilo. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi mawili ya Maktaba ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk, zina wasomaji wadogo kila siku. Mwombe mhudumu ruhusa, mpe mtoto ukurasa mmoja katika upana 100 na mwingine katika 75, usikilize anakokwama. Akikwama kwenye herufi ileile mara mbili, irudie katika mchoro mama, si katika fonti iliyopikwa.

Mpaka kwenye plota

Illustrator na Photoshop zina vitelezi tangu matoleo ya 2018, Inkscape tangu 1.0 ya mwaka 2020. CorelDRAW ya zamani, na zipo nyingi katika vyumba vya stika, itaifungua fonti badilifu kama sura moja tu ya kawaida. Kwa mafundi hao toa sura zisizobadilika kutoka kwenye ramani ileile: fontmake -i -m Maringo.designspace -o ttf. Kila sura uliyoitangaza itatoka kama faili lake, ikiwa na jina lake.

Sura hizo zina faida nyingine inayozifanya ziwe bora kwa plota hata pale programu ina vitelezi. Fontmake ikitoa sura zisizobadilika, huviunganisha vile vipande vilivyopandana. Katika fonti badilifu bado vimepandana, na kisu cha plota hakijui kwamba mstari uliofichwa ndani ya t haupaswi kukatwa. Kitaukata, na stika itatoka na jeraha katikati ya herufi, mkono wa t ukibanduka wakati wa kuhamisha. Anayetaka kutumia vitelezi mwenyewe, abadilishe maandishi kuwa mikunjo kisha aunganishe vipande kwa amri ya Union ya Inkscape au Weld ya CorelDRAW, halafu atazame kwa mwonekano wa mistari mitupu kabla ya kutuma. Mkunjo wowote unaokatiza ndani ya herufi ni stika iliyopotea.

Toa toleo la kwanza likiwa na namba 1.000 ndani ya faili, pamoja na leseni, UFO zote nne na ramani yake, ili mtu wa Huruma au Njiru anayetaka kuongeza mhimili mwingine asianze sifuri. Kwa fundi wa nganya, yaani matatu, ongeza karatasi moja. Pima ukanda wa manjano wa aina ya gari analolishughulikia zaidi, chagua urefu wa herufi, kisha lipange kila jina la njia katika nafasi hiyo uandike upana uliolitosha: UMOJA 100, na kuendelea kushuka hadi majina marefu. Jina linalohitaji chini ya 75 liandikwe kwa herufi fupi kidogo au kwa mistari miwili, na hilo nalo liandike kwenye karatasi mbele ya jina husika.